Mtu wa Handaki

Tulipomzika baba, sikusogea karibu na kaburi mpaka walipokwisha kulifukia. Ndugu walidhani ni majonzi, wakanishika mikono na kunipa maji. Majonzi yalikuwapo, lakini kilichonirudisha nyuma ni harufu. Udongo wa chini, ule ambao haujaona jua, una harufu yake: ubaridi wa mtungi mpya, kutu kidogo, na kitu kama mvua iliyokataa kunyesha. Nikiisikia harufu hiyo, umri wangu wote unanitoka, nabaki mtoto wa darasa la kwanza asiyejua watu wakifunikwa chini wanatokaje.

Kabla ya hapo fundi aliyetengeneza msalaba alikuwa ametuuliza tuandike nini mbele ya jina la marehemu. Dada yangu Regina alimjibu papo hapo, "Mhandisi. Aliisomea, akaifanyia kazi maisha yake yote. Ni haki yake." Mimi nikasema jina tupu linatosha. Tulibishana mbele ya fundi wa watu mpaka mama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, aliposema, "Andikeni jina." Likaandikwa jina. Regina alinuna, na simlaumu. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia yeye alikuwa shule ya bweni. Yaliyotokea kwetu Tabora aliyapata kwa vipande, wakati wa likizo, na vipande vyenyewe nilimpa mimi, niliyekuwa nimevielewa vibaya.

Neno la kwanza nililolijua la kazi ya baba lilikuwa injinia. Majirani walimwita hivyo alfajiri na jioni: injinia umeamkaje, injinia pole na kazi. Nyumba yetu haikuwa mbali na reli, na injini nilizijua kwa mngurumo wake kabla sijajua kusoma. Basi nikaamini injinia ni mtu mwenye injini ndani yake. Ushahidi nilikuwa nao. Baba akilala mchana wa Jumapili nililaza sikio kifuani pake, nikaisikia inanguruma taratibu, kama treni iliyosimama stesheni ikisubiri kupewa njia. Nilijivuna. Baba za wenzangu walikuwa na mioyo tu.

Aliyenifundisha neno la pili ni Kulwa. Alikuwa kijana wa Urambo, mtoto wa wakulima wa tumbaku, aliyekuja mjini kutafuta kazi isiyomkohoza. Baba alimpa kazi ya kuchimba kwenye mradi wa maji, bomba lililokuwa likipelekwa vijiji vya upande wa Igalula, na mama akampa chumba cha uani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele lililomsaidia kupiga mluzi. Akirudi kutoka kwao aliniletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa. Aliniita mayo, yaani mama, kama watu wa kwetu wanavyowaita watoto wa kike wanaowapenda, nami nikaona ni cheo.

Siku moja shuleni mwalimu alituambia tutaje kazi za wazazi wetu. Niliposema injinia, akanisahihisha: kwa Kiswahili sanifu ni mhandisi. Jioni nikamuuliza Kulwa mhandisi ni nini. Alikuwa ananawa miguu kwenye karai, matope mekundu yakitoka kama uji.

"Mhandisi ni baba yako," akasema. "Yeye anapima, mimi nachimba handaki. Kwa hiyo yeye mhandisi, mimi mhandaki."

Alicheka mwenyewe kwa utani wake. Mimi sikucheka. Nililisikia handaki ndani ya maneno yote mawili, nikaamini mhandisi ni mtu wa handaki, bwana wa mashimo marefu ambayo watu huingia. Ile injini ya kifuani ikaanza kunipa wasiwasi kidogo.

Kulwa alikuwa pia na mtu aliyemtaja mara kwa mara: Doto. "Mdogo wangu Doto anapenda sana matobolwa." "Mdogo wangu Doto hajui kuogelea." Nikamchora Doto akilini: kitoto kifupi, cha kulingana na mimi au pungufu, kinachotambaa kwenye mashamba ya tumbaku. Hakuna aliyenieleza kwamba Kulwa na Doto ni majina ya mapacha. Watu wazima hudhani mtoto amezaliwa akijua hayo.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku wa kuamkia siku ile. Baba alirudi mchana, si saa zake. Suruali ilikuwa na udongo mpaka kiunoni, na kucha za vidole vyake vyote zilikuwa zimevunjika. Alikaa kizingitini, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Harufu ile iliingia ndani kabla yake.

Mama alitoka jikoni. "Nani?" aliuliza. Hakuuliza nini.

"Kulwa."

"Yuko wapi?"

"Handaki limemfunika," baba akasema. Kisha akaitazama mikono yake, akasema tena, polepole, kama anayesoma kwa shida, "Limemfunika, mama Regina. Tumechimba kwa mikono."

Kesho yake walikwenda Urambo kuzika, wakaniacha kwa jirani yetu Bi Shamsa, mama mtu mzima aliyekuwa akifundisha Kurani wasichana wa mtaa. Sikuona jeneza, sikuona kaburi. Waliporudi hakuna aliyenieleza chochote, na mimi nilibaki na sentensi moja tu: handaki limemfunika. Kwa hiyo nilijua Kulwa alipo. Yuko kule njia ya Igalula, chini, na baba ndiye bwana wa handaki, na hataki kumtoa.

Baba aliacha kwenda kazini. Alilala chali chumbani, macho kwenye dari. Jirani mmoja alipita kumpa pole, akaita kwa sauti, "Hodi, injinia!" Baba akatoka mlangoni na uso nisioujua.

"Usiniite hivyo. Wala leo, wala kesho. Nina jina."

Hapo nikajua ubaya umo ndani ya neno lenyewe. Nikaanza kulichunguza kama mtu anayefunua jiwe akiogopa tandu. Mdogo wake mama alikuwa frateri, anasomea upadri Kipalapala, na Jumapili tulipomtembelea nilimvuta kando, nikamuuliza injinia maana yake nini. Alifurahi, alikuwa na mtihani wa Kilatini karibu.

"Tumelitoa kwa Waingereza," akasema, "lakini mizizi yake ni Kilatini. Mwanzo lilikuwa neno la akili, ile anayozaliwa nayo mtu. Baadaye likawa jina la kitu kilichobuniwa kwa akili hiyo, na zamani zile walichokibuni sana ni mashine za vita, za kurusha mawe na kuvunja kuta. Aliyezitengeneza ndiye injinia. Hao hao walichimba mahandaki chini ya ngome za adui, ili kuta ziporomoke."

"Ziwaangukie watu?"

"Ndiyo, wale wa ndani," alisema mjomba kwa furaha ya mwanafunzi anayejua jibu. Kisha akaniona usoni, akanishika bega.

Sikula siku ile. Nilikuwa nimethibitisha.

Nilimpelekea Bi Shamsa neno la pili nikiwa sina tumaini. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote: mhandisi, mhandaki, kuta. Hakunicheka. Aliweka ungo chini.

"Nani kakwambia mhandisi na handaki ni ndugu? Sikiliza. Yote mawili yamekuja na Waarabu, na Waarabu nao waliyapata kwa Waajemi. Handaki asili yake ni kitu kilichochimbwa. Mhandisi inatoka kwenye neno la kipimo. Ni majirani tu, mwanangu, kama mimi na ninyi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mhandisi wa kale ni mtu aliyejua kupima maji yapite wapi chini ya ardhi, na shimo lichimbwe wapi ili yafike kwa watu. Ndiyo kazi ya baba yako hiyo hiyo. Neno lake halina damu."

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta baba kitandani, nikapanda, nikamwambia kwa pumzi moja kwamba mhandisi ni mpimaji wa maji, Bi Shamsa amesema, neno halina damu. Nilitegemea atainuka. Aligeuza uso ukutani.

"Kupima nilipima," alisema.

Nilibaki nimekaa pale. Sikulaza tena sikio kifuani pake.

Ilikuwa adhuhuri ya siku nyingine, jua limekausha sauti zote za mtaa. Mama alikuwa sokoni, baba amelala. Mimi nilikuwa nacheza na vizibo vya soda uani, nikasikia geti la mabati linasukumwa. Nikainua macho. Kulwa alikuwa amesimama getini.

Alikuwa amekonda zaidi. Alivaa shati lake la mistari, lile ambalo mama alishona kifungo chake kimoja kwa uzi wa rangi nyingine. Miguu ilikuwa na vumbi. Hakuingia, alisubiri kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani huenda waliofunikwa wakirudi wanakuwa na adabu ya wageni.

Sikupiga kelele. Nimewahi kuwasimulia watu wakadhani natia chumvi, lakini sikupiga kelele. Nilisimama, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mayo. Baba yupo?"

Mayo. Sauti ile ile.

"Umetokaje?" nikauliza.

"Nimetoka stesheni. Kwa miguu."

"Nani kakuvuta?"

Alishangaa kidogo. "Sijavutwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."

Nilikwenda kwenye mtungi, nikamchotea maji, maana niliona midomo yake imepasuka. Alikunywa akiwa amechuchumaa ili tulingane. Nikamtazama koo likipanda na kushuka. Nikamuuliza kile kilichokuwa kikinisumbua kila mvua iliponyesha juu ya bati letu.

"Kule chini unasikia baridi?"

Kikombe kikasimama njiani. Alinitazama kwa muda, na nikaona jambo likimfikia usoni polepole.

"Mimi siye, mayo," akasema. "Mimi Doto."

"Doto ni mtoto."

"Nani kasema?"

"Kulwa. Alisema Doto mdogo wake."

Akacheka kicheko kifupi, cha puani, na hapo hapo kicheko kikageuka. Alilia akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kimya, maji yakimwagika juu ya magoti. Meno yake ya mbele yalikuwa kamili. Nilipoona hivyo ndipo nilipoanza kulia na mimi, kwa sababu nilielewa kwamba aliyerudi si yeye, na kwamba yeye harudi.

Baba alitokea mlangoni. Alipomwona alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa amemwona Doto msibani, alijua wapo wawili, na bado alishika mwimo.

"Shikamoo, injinia," Doto alisema akifuta uso.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani, basi? Ndivyo Kulwa alivyokuwa akikuita nyumbani. Injinia kasema hivi, injinia kafanya vile. Sina jina lako jingine."

Baba aliachia mwimo.

"Sikuja kwa shari, mzee. Kule msibani mlisema ni ajali ya kazini, basi. Mama yetu ananiuliza kila kukicha, ilikuwaje, ilikuwaje. Ananiuliza mimi, kwa sababu akinitazama anamwona. Sina la kumjibu. Nimekuja unionyeshe."

Kwa kuwa mama hakuwa amerudi sokoni, na Bi Shamsa naye hakuwapo kwake, tulikwenda watatu kwenye pikipiki ya baba, mimi katikati, mgongo wangu ukigusa lile shati. Njia ile ya Igalula ilikuwa njia ya misafara ya zamani; wapagazi walipita hapo na pembe na mizigo ya watu wengine vichwani. Mimi nilijua ni njia ya mtama na mbuzi tu. Handaki lilikuwa bado wazi. Wanakijiji walikuwa wamelizungushia matawi ya miiba ili mifugo isitumbukie, na hakuna aliyekuwa amegusa jembe tangu siku ile. Mkandarasi alikuwa amewahamishia vibarua kwingine. Kina mama walipita na ndoo zao kwa mbali, wakienda kule kule walikokuwa wakichota siku zote. Mmoja alimwona Doto, akatua ndoo chini, akarudi alikotoka bila kuichukua.

Baba alisimama ukingoni, akasema kama anayejisomea mashtaka.

"Nilipima udongo pale penye kichuguu. Mgumu kama tofali. Nikapima na pale kwenye mti ule. Mgumu vile vile. Nikasema mbao za kuegemeza kuta hazihitajiki hapa, tutazitumia kule kwenye mchanga. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi niliyesema. Katikati sikupima. Na katikati kulikuwa na kisima cha zamani, cha misafara, kilichofukiwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Udongo uliowahi kuchimbwa haushikani tena kama ulivyoumbwa. Mvua ilipoingia, ukuta ukafunguka."

Doto alitazama chini. "Panaitwaje hapa?"

Baba akasema, "Iziba."

Hata mimi nilijua neno hilo. Bibi alilitumia kila alipotutuma maji. Kwa Kinyamwezi ni kisima.

"Nimezaliwa ndani ya lugha hii," baba akasema. "Nimelisikia jina hili tangu siku ya kwanza ya mradi. Nimeliandika kwenye ramani kwa mkono wangu. Wala sikujiuliza kwa nini mahali pakavu namna hii paitwe kisima. Nilidhani ni jina tu."

Upepo ulitikisa matawi ya miiba. Doto alivua viatu, akaviweka sambamba ukingoni, akasogeza miiba, akateremka.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Zile zote ambazo sikupiga getini zilitoka hapo. Baba alinisukuma nyuma, akaruka ndani, nikawaona wote wawili vichwa vyao chini ya miguu yangu, na nilikuwa na hakika kwamba handaki litafunga mdomo. Doto alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta uliobaki, viganja juu ya udongo.

"Toka humu," baba alimwambia. "Nakuomba, mwanangu. Toka."

"Hizo mbao ziko wapi?"

"Kwenye ghala la kijiji."

"Zije, basi. Ndugu yangu alikuwa na kazi hapa, na hakuimaliza."

"Hakuna atakayekubali kuchimba hapa tena."

"Mimi nipo," Doto akasema.

Baba alizungumza na mkandarasi, akaruhusiwa kukimaliza kipande kile. Safari hii alipitisha mstari mbali na Iziba, ukazunguka kama mtu anayepita pembeni ya msiba, na kila hatua ya ukuta iliwekewa mbao hata palipokuwa na mwamba. Siku za mwanzo walichimba wawili tu. Kisha vijana wachache wa kijiji wakaja, kwanza kutazama, halafu na majembe. Hawakumwita Doto kwa jina lolote. Walimwambia "wewe".

Alilala chumba kile kile cha uani. Nyumba yetu ikawa na hali ngumu kuieleza. Mama alipakua chakula, akaita kuelekea uani, kisha akasita katikati ya jina. Baba alikula akitazama sahani. Mimi nilimvizia Doto. Moyoni sikuwa nimekubali kabisa. Nilidhani ipo siku atasahau kujifanya. Nikapiga mluzi ule ambao Kulwa alinifundisha, nikasubiri aujibu. Aligeuka tu, akanitazama.

"Huo ni wake?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi sikuwahi kuuweza. Meno yananizuia. Nifundishe."

Nilimfundisha jioni nyingi, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, yeye akitoa hewa tupu. Hakuupata. Lakini aliutaka, na kwa namna fulani hilo lilimpumzisha yule Kulwa niliyekuwa nikimtafuta ndani yake.

Hakuwahi kumwambia baba kwamba amemsamehe. Nilisikiliza sana, ningelisikia. Siku moja baba alianza, "Doto, mimi kwa mama yenu..." na Doto akamkata, kwa heshima, "Kazi haijaisha, mzee." Baba hakuanza tena. Lakini asubuhi aliondoka akiwa amenyoa ndevu, na jioni alirudi na matope. Baadaye, kwa miaka yote aliyofanya kazi, hakuruhusu jembe liguse ardhi ya mtu kabla hajakaa na wenyeji akawauliza mahali hapo panaitwaje, na kwa nini. Wenzake walimwona anapoteza muda.

Maji yalipofunguliwa kijijini yalitoka kwanza mekundu, yakakohoa, kisha yakawa meupe. Watoto walipiga kelele, kina mama wakapiga vigelegele. Doto alikinga kiganja, hakunywa. Alijipaka maji usoni na shingoni, akaenda kukaa kivulini peke yake.

Tulimsindikiza stesheni, treni ya kwenda Kigoma ambayo ingemshusha Urambo. Wauza asali na karanga walikuwa wakikimbia chini ya madirisha. Baba alimpa mkono, wakashikana muda mrefu. Alipokwisha kupanda tulimwona dirishani, kabanwa kati ya mama mwenye kuku na mzigo wa mtu, na lile shati la mistari limefuliwa.

Treni ikavuta. Nilipunga mkono, nikaita, "Kwaheri, Doto!" kwa makusudi, kwa sauti, ili nijisikie mwenyewe nikilisema jina lililo sahihi.

Mama alitembea sambamba na behewa, kanga imemtoka begani, akapaza sauti juu ya mngurumo. "Haya, wanangu! Nendeni salama!"

Nilimvuta kanga. "Mama, yuko peke yake."

Hakunitazama. Kule dirishani Doto alikuwa amesikia. Alitoa kichwa nje, upepo ukimpiga macho, akamjibu kabla behewa halijapinda.

"Tutafika, mama."